Wanafunzi saba wamefeli masomo matatu au zaidi: tuanzie wapi?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa darasa la wanafunzi wa miaka 12 hadi 14. Muhula umekwisha, na kati ya wanafunzi wangu 38, saba wamefeli masomo matatu au zaidi. Baadhi yao hawakuwa hivi walipokuwa madarasa ya chini. Uongozi wa shule unataka tuchague, kwenye kikao kijacho, kati ya mawili: warudie darasa, au wote saba wabaki kwa masomo ya ziada kila jioni. Wazazi wanasema ni uvivu tu. Mimi naona kuna zaidi ya hapo, ila sijui pa kuanzia. Nifanye nini?

JIBU: Mwalimu, pole kwa muhula mzito, na ahsante kwa kutolipokea haraka hilo neno "uvivu". Kwa kuwa kikao chenu kinakaribia, natanguliza jibu lenyewe. Usipitishe kurudia darasa, wala usipitishe masomo ya jioni kwa wote saba, kabla hujajua kila mmoja wao anafeli kwa njia gani. Ripoti ya muhula inawaonyesha wakiwa kundi moja. Ukiwachunguza utakuta huyu hajui kukokotoa, yule anajua lakini hakukusanya kazi, na mwingine hakuwepo shuleni siku nyingi. Saa moja ya ziada kila jioni kwa wote itamfaa mmoja au wawili kwa kubahatisha, na itawachosha waliobaki.

Umesema baadhi walikuwa wakifanya vizuri zamani. Hilo hutokea sana katika umri huu. Katika madarasa ya chini mtoto huwa na mwalimu mmoja au wawili wanaomjua kwa jina, kwa mwandiko na hata kwa kimya chake. Akipanda, anakutana na walimu saba au wanane, kila mmoja na tarehe zake za kukusanya kazi na namna yake ya kusahihisha, na hakuna anayemwona mzima. Mtafiti wa Marekani Jacquelynne Eccles na wenzake waliueleza mgongano huu vizuri miaka ya 1990. Mtoto anafikia umri wa kutaka kuamua mambo yake na kutaka mtu mzima wa kumwegemea nje ya nyumba yao, na hapo hapo shule inaongeza amri, inalinganisha alama mbele ya wenzake na inapunguza ukaribu. Ari ya kusoma hushuka hata kwa wanaofaulu. Kwa aliyekuwa na ufa mdogo, huo ndio wakati ufa unapoonekana.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya mezani, nayo haizidi mchana mmoja. Chukua rejesta ya mahudhurio, madaftari ya alama ya walimu wa masomo, na madaftari ya wanafunzi wenyewe. Kwa kila mtoto tafuta majibu ya maswali haya: alikosa siku ngapi, kazi ngapi hakukusanya kabisa, na katika kazi alizokusanya alipata ngapi. Rejesta naiweka mbele kwa sababu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akiwamo Robert Balfanz, walifuatilia maelfu ya wanafunzi wa mji wa Philadelphia kuanzia darasa la sita mwaka 1996 hadi umri wa kumaliza sekondari. Walitafuta dalili gani za mapema zinamtambulisha mtoto atakayeacha shule. Nne zilijitokeza wazi: mahudhurio chini ya asilimia 80, kufeli hisabati, kufeli somo la lugha, na alama mbaya ya tabia. Mtoto mwenye hata dalili moja alikuwa hatarini, na ilionekana akiwa bado na miaka 11 au 12. Wako saba wameshafeli masomo matatu au zaidi kila mmoja, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba watakua na kubadilika wenyewe.

Sasa tuingie ndani ya kila hali.

Hali ya kwanza ni ya anayejua lakini hakusanyi kazi. Huyu ndiye anayeitwa mvivu kuliko wote, na mara nyingi ndiye rahisi zaidi kumwokoa. Tazama hesabu ya alama yenyewe. Mwanafunzi amefanya kazi tatu na kupata 80, 75 na 85. Kazi mbili hakukusanya, akaandikiwa sifuri mara mbili. Jumla ni 240, ukigawa kwa tano unapata 48. Amefeli. Lakini hakuna hata kazi moja aliyoifanya iliyo chini ya 75! Ukimpeleka huyu kwenye darasa la ziada la hisabati, atafundishwa asubuhi anachokijua na jioni atakirudia. Anachohitaji ni nafasi ya kukamilisha zile kazi mbili, mahali pa kuzifanyia, na mtu wa kumkumbusha. Mimi ningeiomba shule iache kuandika sifuri kwa kazi isiyokusanywa katika umri huu na badala yake iandike "haijakamilika", huku mtoto akiwekwa chumba kimoja wakati wa mapumziko ya mchana hadi aikamilishe. Wako walimu watakaosema huko ni kumdekeza. Naliona kinyume. Sifuri inamruhusu mtoto kuikwepa kazi moja kwa moja, ilhali "haijakamilika" inamdai mpaka aifanye. Pia zile sifuri zikishakuwa nne au tano, mtoto anajipigia hesabu mwenyewe na kuona kwamba hata akipata 100 kuanzia leo hatafaulu. Akishafika hapo, kuacha kujaribu ni uamuzi wenye mantiki kabisa kwa upande wake.

Muulize pia kwa nini hakusanyi, na uulize kwa undani. Wengi wa umri huu hawana utaratibu wowote. Karatasi zimejaa chini ya begi, hakuna alipoandika tarehe, na kazi nyingine imefanywa ikasahaulika nyumbani. Ujuzi wa kupanga kazi hufundishwa kama somo lingine lolote. Keti naye mara moja kwa wiki, mfungue begi pamoja, aandike kwenye ukurasa mmoja kazi zote anazodaiwa na siku za kuzikusanya, kisha achague mwenyewe ataanza na ipi.

Hali ya pili ni pengo la msingi, na hapa ndipo ningekuomba utumie muda mwingi zaidi, maana pengo huwa chini kuliko mada mnayofundisha na mtihani hauonyeshi lilipo. Mfano: mwanafunzi amepewa mlinganyo x/2 + x/3 = 10. Ameandika 2x/5 = 10, halafu 2x = 50, halafu x = 25. Jibu sahihi ni 12, kwa hiyo amekosa, na mwalimu anaandika kwamba hajui aljebra. Soma tena hatua zake. Kuanzia mstari wa pili hakuna kosa lolote: amezidisha pande zote mbili kwa 5, amegawa kwa 2, amepata alichopaswa kupata. Kosa lake ni moja tu, amejumlisha sehemu kwa kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Hilo ni somo la miaka miwili au mitatu iliyopita. Ukimpa milinganyo mingine 30 jioni, atakosa yote 30 kwa kosa lile lile, na atazidi kuamini kwamba hisabati si yake. Ukimrudisha kwenye sehemu kwa wiki tatu, kwa michoro na mstari wa namba, aljebra yake itainuka bila kuigusa.

Sehemu sikuzichagua ovyo. Mwaka 2012 Robert Siegler na wenzake walichambua kumbukumbu za wanafunzi wa Marekani na Uingereza na kuona kwamba uelewa wa sehemu na wa kugawanya katika miaka 10 hadi 12 ulitabiri ufaulu wa hisabati miaka mitano au sita baadaye, hata baada ya kuzingatia akili ya jumla na hali ya familia. Kwa hiyo ukiwa na dakika 20 tu za kumpima mtoto anayefeli hisabati, mpe maswali kumi: matatu ya kuzidisha na kugawa, manne ya sehemu, mawili ya namba hasi, moja la maneno. Usitafute alama. Mwombe aeleze kwa mdomo alivyofanya kila moja, wewe ukiandika.

Kwa masomo mengine pengo huwa ni kusoma kwenyewe. Linajificha sana, kwa sababu hakuna anayetarajia mtoto wa miaka 13 kuwa bado anahangaika na maneno marefu, na yeye mwenyewe amejifunza kuficha kwa kunakili kwa jirani, kuomba ruhusa ya kutoka, au kuchekesha darasa inapokaribia zamu yake. Mchukue faragha, kamwe si mbele ya wenzake, asome kwa sauti aya ya maneno 100 kutoka kitabu chenu cha sayansi. Akikosea zaidi ya maneno 10, kitabu hicho kinamzidi na hawezi kujifunza kutoka kwacho peke yake. Akisoma vizuri lakini hawezi kukueleza aya ilisema nini, tatizo ni msamiati na ufahamu, nalo linatibiwa tofauti. Mtoto mmoja anaweza kufeli sayansi, historia na jiografia kwa sababu hii moja tu, na walimu watatu wakaandika maoni matatu tofauti kwenye ripoti yake.

Hali ya tatu ni utoro, nayo nitasema machache. Asiyekuwepo hafundishiki, kwa hiyo kila mpango mwingine unasubiri. Mtoto anayekosa siku mbili kila mwezi anafikia karibu asilimia 10 ya mwaka mzima, na kiwango hicho shule nyingi hukihesabu kuwa utoro sugu. Hata hivyo haonekani mtoro, kwa sababu siku zenyewe zimetawanyika. Ulizia sababu kabla ya adhabu. Anatunza wadogo zake? Anaonewa njiani au darasani? Anaumwa? Je, siku anazokosa ndizo zenye somo fulani? Na akirudi, apokelewe na mtu anayemwambia mlifika wapi, badala ya kukaripiwa mlangoni.

Baadhi ya saba wako watakuwa na hali mbili, labda zote tatu kwa pamoja. Kwa hao chagua moja ya kuanza nayo, ile inayozuia nyingine. Kwa kawaida ni mahudhurio kwanza, kisha kusoma, kisha hisabati, na kazi zisizokusanywa zinakwenda sambamba.

Kabla hujapanga lolote zungumza na kila mmoja, na mazungumzo haya yasiwe kesi. Usianze na "kwa nini umefeli?" kwa sababu mtoto wa miaka 13 atakujibu "sijui", na mara nyingi ni kweli hajui. Weka daftari lake mezani na umwambie kitu kama hiki: "Nimeisoma kazi yako yote. Hapa ulifanya sawasawa, hapa pia. Hapa ndipo panapokatika. Nataka tupafanyie kazi pamoja, kwa sababu naona unaweza kufika." Maneno hayo yana uzito kuliko yanavyoonekana. Mwaka 2014 David Yeager na wenzake walichapisha utafiti ambao wanafunzi wa darasa la saba walirudishiwa insha zao zikiwa na maoni ya mwalimu. Nusu yao waliongezewa ujumbe mfupi kwamba wanapewa maoni hayo kwa sababu mwalimu ana matarajio makubwa na anaamini watayafikia. Miongoni mwa wanafunzi weusi, waliokuwa na sababu ya kutowaamini walimu wao, waliorekebisha insha bila ujumbe ule walikuwa asilimia 17, na waliopata ujumbe walikuwa asilimia 72. Kundi lilikuwa dogo, lakini mwelekeo wake unalingana na ninachokiona kazini: mtoto aliyefeli anataka kwanza kujua kama umeshamkatia tamaa. Onyo moja tu. Ujumbe huo hauna nguvu ukiandikwa juu ya alama bila maelezo ya kosa, kwa sababu ataona ni maneno ya kumpoza.

Baada ya hapo kila mtoto apewe mtu mzima mmoja. Si kamati. Mtu mmoja, awe mwalimu, mshauri nasaha, mkutubi au mlezi mwingine wa shule ambaye mtoto anaelewana naye, anayekutana naye dakika 10 kila wiki na kuangalia mambo matatu: mahudhurio, kazi zinazodaiwa na alama za wiki. Mfumo wa namna hii ulibuniwa Chuo Kikuu cha Minnesota tangu 1990 kwa jina la Check & Connect, na mshauri huahidi kubaki na mwanafunzi kwa angalau miaka miwili. Muda huo mrefu una sababu. Watoto hawa wameshazoea watu wazima wanaowachangamkia wiki mbili kisha wanapotea. Ninyi hamhitaji programu wala fedha ili kuanza, ila msigawane watoto zaidi ya wawili kwa kila mwalimu, la sivyo zile dakika 10 zitayeyuka.

Sasa turudi kwenye masomo ya ziada. Siyapingi kwa wale wenye pengo la msingi. Ninapinga namna yanavyofanywa: watoto wengi kwa pamoja, jioni wakiwa wamechoka, mwalimu akirudia kwa haraka alichofundisha asubuhi. Katika utafiti mkubwa uliofanyika shule za sekondari za Chicago, kwa vijana wakubwa kidogo kuliko wako, mkufunzi mmoja alikaa na wanafunzi wawili tu, kila siku ya shule, ndani ya ratiba kama kipindi kingine, akianzia pale walipo huku akiwasogeza kwenye kazi ya darasa lao. Alama za hisabati zilipanda na idadi ya waliofeli ikashuka. Huenda hamna uwezo wa mkufunzi kwa kila wawili. Vikundi vya watatu au wanne wenye pengo linalofanana, mara tatu kwa wiki, dakika 30, na mwalimu yule yule, vinawezekana kwenye shule nyingi. Vipange ndani ya siku ya shule kila inapowezekana, kwa sababu wanaohitaji zaidi ndio watakaokosa kubaki jioni. Na tafadhali msikiondoe kipindi cha michezo au sanaa ili kupata nafasi. Kwa mtoto anayefeli, mara nyingi hicho ndicho kipindi pekee kinachomfanya aje shuleni.

Ndani ya vikundi hivyo wafundisheni pia kujisomea, maana wengi wanadhani kusoma ni kupitisha macho kwenye daftari mara tatu. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006, kwa wanafunzi wa chuo, kwamba waliorudia kusoma maandishi walikumbuka vizuri zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojipima kwa kuandika walichokumbuka ndio waliowazidi. Kwa watoto wako ifanye iwe rahisi: daftari lifungwe, aandike anachokumbuka kwenye karatasi tupu, alifungue, aongeze alichosahau kwa kalamu ya rangi nyingine. Arudie siku mbili baadaye, kisha baada ya wiki. Rangi ya pili ikizidi kupungua, anajionea mwenyewe kwamba anajifunza, na ushahidi huo wa macho yake unazidi sifa zako zote.

Kuhusu kurudia darasa, nadhani una haki ya kumwambia mkuu wa shule kinagaubaga. Mji wa Chicago ulianza mwaka 1996 kuwazuia kupanda wanafunzi wa darasa la tatu, la sita na la nane waliofeli mitihani. Brian Jacob na Lars Lefgren walipowafuatilia, waligundua kwamba kwa wa darasa la sita kurudia hakukubadilisha uwezekano wa kumaliza sekondari, na kwa wa darasa la nane kuliongeza uwezekano wa kuacha shule. Sababu si ngumu kuiona. Mtoto wa miaka 14 anawekwa na wa miaka 12, anarudishiwa masomo yote hata yale aliyofaulu, na pengo lake la sehemu halijaguswa na yeyote. Ningeruhusu kurudia kwa mtoto aliyekosa sehemu kubwa ya mwaka kwa ugonjwa au kuhama, kwa ridhaa yake na ya wazazi, na kukiwa na mpango tofauti na wa mwaka uliopita. Kumpandisha bila msaada wowote nako ni kumtelekeza, kwa hiyo unapokwenda kwenye kikao beba mpango wa kila mtoto ulioandikwa kwenye ukurasa mmoja.

Wazazi wanaosema uvivu usiwapinge mbele ya mtoto. Waonyeshe ule mlinganyo, au zile sifuri mbili, wajionee. Kisha waombe vitu viwili vinavyowezekana kwa familia yoyote: mtoto awe na saa maalumu ya kazi za shule bila simu mkononi, na alale vya kutosha. Kulala si jambo dogo. Wakati wa kubalehe saa ya mwili husogea mbele, usingizi unachelewa kuja na asubuhi mtoto haamki, na hilo ni la kimaumbile. Kwa sababu hiyo mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipendekeza shule za umri huu zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Wa miaka 13 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Ukimwona anasinzia kipindi cha kwanza kila siku, anza na hapo kabla ya kumwita mzembe. Waulize pia kama macho na masikio yake yamepimwa karibuni, kwa sababu tatizo la kutoona mbali huongezeka kwa kasi katika umri huu, na mtoto asiyesoma ubao haendi kumwambia mtu.

Jipe wiki sita. Kila Ijumaa andika mambo matatu tu kwa kila mtoto: siku alizohudhuria, kazi alizokamilisha, na matokeo ya jaribio moja fupi la kile kikundi chake kinachofundishwa. Ukiona kazi zinakamilika lakini alama hazijapanda, usivunjike moyo, alama hufuata baadaye. Nategemea wanne au watano kati ya saba waonyeshe dalili ya kusogea katika muda huo. Kwa wale ambao wamehudhuria, wamefundishwa kwenye kikundi kidogo, wamejitahidi, na bado hawajasogea hata kidogo, acha kuongeza vipindi. Hao wapelekwe wakafanyiwe uchunguzi wa ugumu wa kujifunza na mtaalamu wa elimu maalumu au mwanasaikolojia wa shule, na uende na karatasi zako za Ijumaa pamoja na madaftari yao, kwa kuwa hizo zitamsaidia mtaalamu kuliko ripoti yoyote ya muhula.